Balozi wa Mlo wa Rangi Moja

Nchi ya Neema haimo kwenye ramani yoyote, na wenyewe wanasema ni kwa sababu ramani zilichorwa na watu wenye wivu. Tuiache hapo ilipo. Ni nchi yenye amani, mvua za wastani, na Wizara ya Uzito na Umbo la Taifa, jengo la ghorofa tisa lenye lifti mbili. Ngazi zilizibwa kwa matofali mwaka ule lifti ya pili ilipowekwa, kwa kuwa hapakuwa tena na haja nazo.

Katika nchi hiyo, kila waziri mpya wa Uzito huja na mlo wake. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ni desturi tu, kama bibi arusi anavyoingia na kanga zake. Waziri asiye na mlo ataonekana hana fikra. Hivyo wananchi wa Neema waliwahi kuishi kwa papai tupu miezi minane, chini ya waziri aliyekuwa na shamba la mapapai. Wakaishi kwa supu ya kabichi, mpaka vikao vya bunge vikawa vinafanyika madirisha yote wazi. Ukaja Mlo wa Pembe, uliokataza chakula chochote cha mviringo, kwa hoja kwamba kinachoingia mviringo hukaa mviringo. Mayai yakapigwa marufuku, chapati zikakatwa mraba, na wauza sambusa wakajenga nyumba. Kila mlo ulipoisha watu walikuwa wazito kuliko ulipoanza, na kila waziri alipoondoka aliagwa kwa karamu.

Wakati wa kisa hiki waziri alikuwa Mheshimiwa Kidunda Masongo, na mlo ulikuwa Mlo wa Rangi Moja. Aliuzindua mwenyewe, akiwa amekaa, kwa sababu kusimama kulikuwa kunamchosha.

"Ndugu wananchi," alisema, "utafiti umethibitisha kwamba mwili haunenepi kwa chakula. Mwili hunenepa kwa kuchanganyikiwa. Unauletea wali mweupe, mchicha wa kijani, maharage mekundu, vyote kwa mpigo. Tumbo linajiuliza, nianze na kipi? Na katika kujiuliza huko, linaweka akiba."

Watu wakapiga makofi, kwani nao walikuwa wamewahi kuchanganyikiwa.

Jumatatu ikawa nyeupe: wali, ugali wa sembe, mihogo, mkate, maziwa na sukari. Jumanne manjano: ndizi mbivu, maembe na soda ya machungwa. Jumatano nyekundu. Alhamisi ilikuwa ya kijani, na siku hiyo watu wengi waliumwa. Ijumaa kahawia: nyama, maandazi, na chochote kilichotoka kwenye mafuta. Jumamosi na Jumapili zilikuwa za rangi za bendera, nayo bendera ya Neema ina rangi sita. Kuhusu kiasi, mwongozo ulikuwa na sentensi moja tu: rangi haina kipimo.

*

Siwema alikuwa mpima uzito katika zahanati ya Kigogoni kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa na mizani ya chuma, kipimo cha sukari cha kutoboa kidole, chati ya herufi ya kupimia macho, na Fomu ya Uzito Namba Saba. Fomu hiyo ilikuwa na safu nne: Jina, Uzito, Mlo na Shukrani. Safu ya Shukrani ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote.

Yeye mwenyewe alikuwa amepita chini ya mawaziri saba bila kuongezeka wala kupungua. Alikula kila kitu, kidogo kidogo, na kila asubuhi alitembea dakika arobaini kwenda kazini na jioni arobaini kurudi. Hakuna aliyewahi kumuuliza siri yake. Mwaka mmoja Wizara iligundua kwamba uzito wa mpimaji wa Kigogoni haubadiliki, ikatuma fundi kuja kukagua mizani.

Siwema alikuwa na dada, Mwanakheri, aliyemzidi miaka saba na aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Zamani Mwanakheri alikuwa akitembeza vyungu mitaani, vitatu kichwani na kimoja mkononi, kutoka Kigogoni mpaka Mikoroshini na kurudi. Mguu wake ulikuwa mwembamba, mgumu. Ugonjwa aliujua kwa kuusikia kwa majirani. Kisha Wizara ikamteua kuwa Balozi wa Mlo wa nyumba kumi, ikampa bajaji yenye kibendera na dereva wake. Kazi ya balozi ilikuwa kuingia jikoni mwa watu, kufunua sufuria, na kuhakikisha rangi ni moja. Vyungu akavigawa. Bajaji ilimchukua asubuhi mlangoni kwake na kumshusha nyumba ya pili, ambayo ilikuwa hatua thelathini.

Jicho lake lilikuwa gumzo la mtaa. Jumatatu moja alifika kwa mdogo wake, akafunua sufuria ya wali, akainama kidogo, akachomoa kwa vidole viwili jani la mchicha dogo kama kucha.

"Shikamoo dada," Siwema alisema.

"Marahaba. Hili nini?"

"Jani."

"La rangi gani?"

"Dada, ni jani moja. Limeanguka kutoka ungo wa jana."

"Limeanguka au limeangushwa?" Mwanakheri aliliweka ndani ya bahasha ya ushahidi. "Wewe ni mdogo wangu, nimekubeba mgongoni. Lakini leo ni nyeupe. Nikikuachia wewe, na jirani nimwachie, basi nchi itaanza kula hovyo."

Akaandika onyo. Kisha akala sahani mbili za wali ule, na chai yenye vijiko vinne vya sukari, kwa kuwa sukari nayo ilikuwa nyeupe.

*

Miezi minne ya rangi ilipopita, Mwanakheri alianza kulalamika kiu, na ganzi kwenye nyayo. Siwema akamburuta mpaka zahanati. Mizani ilionyesha ameongezeka kilo kumi na tatu. Kipimo cha sukari kilisoma kumi na tisa. Alipomsimamisha mbele ya chati ya herufi, Mwanakheri alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili kwa kubahatisha, akasema wa tatu umefifia na zahanati inunue chati mpya.

Mganga wa zamu hakumung'unya maneno. Sukari ilikuwa imeanza kula macho. Akampa vidonge na kumwambia ale kwa kiasi, achanganye mboga, na atembee nusu saa kila siku. Akiendelea vile, mwaka hautaisha akiwa anaona.

"Nimesikia, daktari," Mwanakheri alisema kwa adabu zote, na walipotoka nje akamgeukia mdogo wake. "Achanganye. Umemsikia? Mtu amesoma miaka yote ile halafu anasema achanganye."

"Dada, ni macho yako."

"Macho yangu yanafanya kazi ya taifa. Na kutembea nitembee wapi, nionwe na nani?"

Hapo ndipo penyewe. Katika Neema, mtu mwenye cheo hatembei. Akionekana anakwenda kwa miguu, maana yake ni moja tu: ameondolewa. Mkurugenzi mmoja aliwahi kuharibikiwa na gari, akatembea hatua mia mbili kutafuta fundi. Aliporudi nyumbani alikuta majirani wameshatandika mikeka uani, wanamfariji mkewe. Watu hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa tu hawajawahi kuona sababu nyingine ya mtu mzima kutumia miguu yake.

"Na wahenga walishasema," Mwanakheri alimalizia, akipanda bajaji kwa kushikwa mkono. "Kibaya chajitembeza."

Siwema alibaki amesimama kwenye vumbi. Alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Kwa muda wa wiki tatu alijaribu kila njia. Alimpikia, chakula kikakaguliwa na kukataliwa. Alimwomba, akaambiwa anaingilia kazi ya serikali. Alilia, na Mwanakheri akamfuta machozi kwa upindo wa kanga, akamwambia asijali, Waziri mwenyewe anakula mlo huohuo na amenawiri.

*

Waziri mwenyewe alifika zahanati ya Kigogoni Alhamisi moja, kwa mlango wa nyuma, amevaa kofia ya mlinzi wake. Madaktari wa Wizara walikuwa wakimpima kila mwezi na kumpa hongera. Sasa alikuwa anaamka usiku mara tano kwenda msalani, na alitaka kupimwa na mtu asiyemfahamu vizuri.

Mizani ya Siwema iligonga mwisho na kukaa huko. Sukari ilisoma kumi na saba. Mheshimiwa Kidunda Masongo alikitazama kipimo kama mtu anayetazama barua iliyokosewa anwani.

"Kwa hiyo nifanyeje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kula kila kitu, Mheshimiwa, ila kidogo. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali, robo kitoweo. Vidonge umeze kwa wakati. Na utembee nusu saa kila siku."

"Halafu?"

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi hivyo hivyo, mpaka siku utakapokufa."

Waziri alifikiri. "Huo mlo unaitwaje?"

"Hauna jina."

"Ameuvumbua nani?"

"Mama yetu alikuwa anatupakulia hivyo. Sufuria ilikuwa ndogo na tulikuwa wengi."

"Sasa dada yangu, mimi nitauzinduaje mlo wa sufuria ndogo? Hauna mtaalamu, hauna kaulimbiu, hauna hata tarehe ya kuanza. Nitasimama mbele ya Mkuu wa Nchi nimwambie watu wale kidogo na watembee? Ataniuliza, hilo si wanalijua? Nitajibu nini?"

"Utajibu wanalijua."

"Hapo ndipo nitakapofukuzwa," Waziri alisema, akacheka, kisha akakitazama tena kipimo na kicheko kikaishia hapo.

Siwema aliona mwanya. Akamwambia atembee siku saba tu, asubuhi, arudi apimwe. Kipimo kikishuka, aongeze safu moja kwenye Fomu Namba Saba: Kutembea. Na akamwomba jambo la pili, apitie Mtaa wa Mikoroshini, ambako kuna mama mmoja balozi wa nyumba kumi anayefuata kila anachofanya Waziri. Hakumwambia ni dada yake. Waziri, kwa hofu aliyokuwa nayo siku ile, angekubali hata kutembea kwa magoti.

*

Siku ya kwanza Waziri alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amevaa viatu vya ngozi kwa kuwa vya kukimbilia hakuwa navyo. Muuza mkaa alimwona, akashusha gunia, akavua kofia. "Pole sana, Mheshimiwa," alisema. "Mungu atakufungulia mlango mwingine."

"Nafanya mazoezi," Waziri alisema.

"Ndivyo wanavyosema wote, baba. Jikaze."

Kufikia Mtaa wa Mikoroshini alikuwa amepokea pole kumi na saba, na bibi mmoja alimshikisha mayai mawili yamsaidie nyumbani. Mwanakheri alikuwa kwenye bajaji yake. Aliona kivuli kikubwa kinapita, akamuuliza dereva ni nani. Dereva alimwambia. Mwanakheri alishuka, ingawa nyayo zilikuwa zinamchoma, akamshika Waziri mkono na kulia.

Siku ya pili walinzi wa Wizara hawakumpigia saluti. Hawakukusudia dharau; walikuwa wanasubiri maelekezo. Siku ya tatu alikuta picha yake imeshushwa ukutani na kuegeshwa kwenye kona, uso ukitazama matofali ya ngazi. Siku ya nne alimkuta naibu wake, Mheshimiwa Pazi, amekaa kwenye kiti chake, akijaribu kama kinazunguka upande wa kushoto.

"Karibu, kaka," Pazi alisema. "Umekuja kuchukua vitu vyako?"

"Nimefukuzwa na nani?"

"Mimi sijui mambo ya juu. Nimesikia unatembea."

Habari ilimfikia Mkuu wa Nchi wakati wa kifungua kinywa, kwa njia ya redio yake mwenyewe. Akamwita msaidizi.

"Huyu Kidunda, nilimwondoa lini?"

"Ni uamuzi wa busara, Mheshimiwa."

"Najua ni wa busara. Nauliza lini."

"Juzi, Mheshimiwa."

"Nilisaini?"

"Imebaki saini tu."

Mkuu wa Nchi alisaini. Redio ikasoma barua ile mara tatu, ikafuatisha na methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mtangazaji akaongeza kwa sauti ya huzuni kwamba mheshimiwa alionekana akitumia miguu kwa siku nne mfululizo.

Jioni hiyo Siwema alikwenda kwa dada yake. Mwanakheri alikuwa ameketi kizingitini, redio mapajani.

"Umeona?" alisema. "Siku nne tu. Mtu mkubwa vile. Na wewe ulitaka nitembee."

Siwema aliketi kando yake. Alikuwa ametafuta ushahidi kwa mikono yake mwenyewe, akauleta mpaka mlangoni pa dada yake, na ushahidi ukasema kinyume. Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea njia nzima akirudi kwake, na kila aliposema alijichukia, kwa kuwa sikio lenyewe lilikuwa la dada yake.

*

Mheshimiwa Pazi alizindua Mlo wa Ardhini kabla kiti hakijapoa. Utafiti ulikuwa umethibitisha kwamba kinachoota juu humfanya mtu aote juu, na kinachoota pembeni humfanya aote pembeni. Kilichoota chini ya ardhi hakina tamaa. Watu wakaamriwa kula mihogo, viazi, magimbi na karanga, kadiri watakavyo, na kaulimbiu ikawa Tuzike Unene.

Mlo unapoondoka huondoka na mabalozi wake. Dereva alikuja kumuaga Mwanakheri kwa heshima, akang'oa kibendera, akaondoka na bajaji. Majirani walitandika mikeka. Walimwambia kazi ya Mungu haina makosa.

Na sasa Mwanakheri hakuwa na jinsi. Sokoni ni mbali, zahanati ni mbali, kisima kiko bondeni. Hakuna tena aliyemwandalia sahani za ukaguzi katika nyumba kumi. Alikula kwa mdogo wake, kutoka sufuria ndogo: ugali kiasi cha ngumi, mchicha, dagaa, chungwa moja. Hakuna mkaguzi aliyejali mtu aliyeanguka anakula nini. Kila asubuhi Siwema alimpitia wakaenda pamoja mpaka zahanati, dakika arobaini. Wiki ya kwanza walitumia saa nzima na nusu, na Mwanakheri alijifunika kanga mpaka puani ili asipewe pole.

Wiki ya pili waliungana na mtu mwingine aliyeanguka. Kidunda Masongo alikuwa anakwenda njia ileile, sasa na raba za mtumba, amepungua shingo. Walitembea watatu, bila maneno mengi mwanzoni. Baadaye Mwanakheri alianza kuwasimulia alivyokuwa akibeba vyungu vitatu kichwani bila kushika, na siku moja akasimama njiani kuwaonyesha, kwa tofali.

"Ile safu, Mheshimiwa," Siwema alimkumbusha siku moja.

"Nilipokuwa na kalamu sikuwa na miguu," Kidunda alisema. "Sasa nina miguu, sina kalamu. Nisamehe, dada."

Wiki ya kumi kipimo cha Mwanakheri kilisoma saba. Kilo tisa zilikuwa zimekwenda. Siwema alimsimamisha mbele ya chati, na Mwanakheri akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akaendelea mpaka maandishi madogo kabisa ya chini, jina la kiwanda kilichochapa. Kisha akageuka na kumtazama mdogo wake.

"Una mvi, Siwema," alisema. "Tangu lini una mvi?"

Siwema alicheka na kulia kwa pamoja. Mganga wa zamu alitoka kuuliza kuna msiba gani.

*

Ilibaki fomu. Kwenye safu ya Mlo, Wizara ilikuwa imekwisha kuchapa Mlo wa Ardhini kwa watu wote, kuwapunguzia wapimaji kazi. Siwema alikata maneno yale kwa mstari mmoja, akaandika pembeni kwa herufi ndogo: *Alikula kila kitu kwa kiasi, alimeza vidonge, alitembea dakika themanini kila siku.* Akapeleka.

Fomu ilirudi siku ya tatu na afisa wa Wizara mwenye miwani ya jua.

"Mama, umeandika pembeni," afisa alisema.

"Nimeandika kilichotokea."

"Pembeni si mahali pa kutokea kitu. Tazama, safu ni nne. Kutembea iko safu ipi?"

"Haipo. Ndiyo maana nimeandika pembeni."

"Kama haina safu, haikutokea." Afisa hakuwa mkali. Alikuwa anamweleza kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia. "Fomu zisizokamilika ghala la dawa halizipokei, na zahanati ambayo fomu zake hazijapokewa haipelekewi dawa. Una wagonjwa wangapi wa sukari hapa?"

Walikuwa sitini na wanne. Siwema aliwahesabu kwa majina, mmoja mmoja, huku afisa akisubiri na kutazama saa. Kisha akachukua fomu mpya, akajaza Jina, akajaza Uzito, akaacha Mlo wa Ardhini kama ulivyochapwa. Kwenye Shukrani aliandika Asante. Afisa alimwomba aongeze mistari miwili, kwa kuwa nafasi ilikuwa kubwa, akaongeza.

Hakuna mtu katika nchi nzima aliyekuwa amepungua kilo tisa kwa Mlo wa Ardhini. Hakuna aliyekuwa amepungua hata moja. Fomu ya Kigogoni ilipofika ghorofa ya tisa, watu walikimbia nayo kwenye korido.

*

Sikukuu ya Uzito ilifanyika uwanja wa taifa. Mwanakheri alikalishwa jukwaani, kiti cha pili kutoka kwa Waziri, amevaa kitenge chenye picha za mihogo. Mbele ya jukwaa ilisimama bajaji mpya, imefungwa utepe. Siwema alikuwa chini, karibu na ngazi, ambazo ziliwekwa kwa siku hiyo tu.

Alikuwa amemsihi usiku kucha. Mwambie ulitembea, dada. Neno moja tu, utakuwa na kipaza sauti, nchi nzima inasikiliza. Mwanakheri akasema, "Mdogo wangu, kutembea nilitembea kwa sababu nilianguka. Mtu akiinuliwa hamwambii aliyemwinua kwamba chini kulikuwa kuzuri."

Mheshimiwa Pazi alimkaribisha kwenye kipaza sauti. "Mama, waeleze Wananeema. Nini kilikuponya?"

Mwanakheri alitazama uwanja. Aliona vizuri sana siku ile. Aliona mpaka watu wa viti vya mwisho, na muuza mkaa, na Kidunda Masongo nyuma ya uzio, kasimama kwa raba zake. Alimwona mdogo wake chini na mvi zake. Aliiona bajaji.

"Mlo wa Ardhini," alisema.

Uwanja uliinuka. Mheshimiwa Pazi alimvisha beji ya Balozi Mkuu wa nyumba mia moja. Dereva mpya alimfungulia utepe, na Mwanakheri alipopita karibu na mdogo wake alimshika bega. "Usinune," alimwambia. "Nitakuwa nakuja kukuona. Sasa nina usafiri."

Kweli alikuja. Alikuja kila mwezi, kikazi. Siwema alimwomba apime sukari, akaahidi wiki ijayo, kwa sababu nyumba mia ni nyingi na kila nyumba ilimwekea sahani ya viazi vya kukaanga. Mwezi wa pili alilalamika kiu. Mwezi wa tatu Siwema alikwenda na kipimo mpaka nyumbani kwake, akaambiwa yuko ziarani mikoani.

Mwezi wa tano bajaji ilisimama mlangoni kwa Siwema, na Mwanakheri akaingia jikoni akigusa ukuta. Alikuwa amerudi kuwa mzito. Siwema hakuwa ameficha sufuria. Ilikuwa jikoni wazi, mchicha mtupu uliotiwa karanga, kijani mpaka kwenye ukingo, kitu ambacho chini ya ardhi hakijawahi kufika. Alikuwa ameuacha pale makusudi. Alitaka aandikiwe onyo. Alitaka dada yake achomoe jani, aulize ni la rangi gani, amseme, watukanane kama zamani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mama." Mwanakheri alifunua sufuria. Akainama, akainama zaidi, uso wake ukaingia kwenye mvuke. Akanusa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa juu ya sufuria yoyote.

"Viazi vya karanga," alisema. "Hongera. Hapa sina neno."

Akapapasa daftari, akaweka alama ya vyema nje ya mstari. Siwema alifunika sufuria, akamshika dada yake mkono, akamwongoza mpaka kwenye bajaji. Ilikuwa ni hatua kumi na mbili. Alizihesabu.